Ndege watarudi kesho, wewe je? Jinsi ya kuamua safari siku mbaya Turkana

Ni Jumamosi, saa kumi na nusu alfajiri, na uko Lodwar. Umelala saa tatu tu. Mwili bado unauma kwa sababu ya safari ndefu ya basi kutoka Nairobi. Kamera umeikodisha kwa siku tatu na pesa umeshalipa. Dereva wa Probox ametuma ujumbe: "Niko geti." Wenzako watatu wamevaa viatu tayari. Mpango ni kushika njia ya Kakuma kabla jua halijachomoza, kupiga picha firigogo wakishuka kunywa maji, kisha kurudi Lodwar jioni mkiwa na picha za kuwanyamazisha watu kule Instagram.

Halafu unasikia ngurumo. Iko mbali sana, upande wa magharibi. Juu ya kichwa chako nyota zinang'aa kama kawaida.

Utaenda ama utabaki?

Kama umejibu haraka, "Twende bana, hiyo mvua iko mbali," makala haya yameandikwa kwa ajili yako. Na kama umejibu, "Wacha tulale," pia yanakuhusu, maana Turkana kuna asubuhi nyingi nzuri ambazo mtu hupoteza kwa uoga wa bure. Shida ni kujua ipi ni ipi.

Mwindaji asiye na bunduki

Kwanza tuelewane kuhusu uwindaji wenyewe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inakataza kuwinda kwa burudani na hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Kwa hivyo yule binamu yako wa mtaani anayekwambia "beba manati tutapata kanga wa kuchoma" anakutafutia kesi. Mwindaji wa siku hizi anabeba kamera. Lakini moyo wake ni ule ule wa mwindaji wa zamani: anaamka usiku, anavizia, ananyamaza, na akikosa leo halali vizuri.

Moyo huo hauna nchi. Kule Dakota Kusini, Marekani, kuna ndege wa kuwindwa anayeitwa feasanti, wa jamii moja na kwale wetu. Watu wa jimbo hilo wanampenda hivi kwamba tangu 1943 yeye ndiye ndege rasmi wa jimbo. Msimu wa kumwinda unaingia hadi ndani ya majira ya baridi, wakati theluji imefunika mashamba na upepo unaweza kugandisha vidole. Mwindaji wa huko anakaa jikoni alfajiri na kikombe cha kahawa, anachungulia dirishani, na kujiuliza swali lile lile unalojiuliza wewe Lodwar: leo nitoke ama nikae?

Tofauti ni kwamba adui yake anamwona. Theluji iko pale mlangoni, nyeupe. Adui yako wewe anaweza kuwa kilomita 60 kutoka mahali umesimama, na anakuja.

Mbona uende kabisa?

Nisije nikakutisha ukadhani Turkana ni mahali pa kukimbia. Firigogo peke yake anatosha kukutoa Nairobi. Ni ndege anayekaribia umbo la njiwa, mwenye rangi ya mchanga, hivi kwamba akitulia chini unaweza kumkanyaga. Chakula chake ni mbegu kavu, na mbegu kavu hazina maji. Kwa hivyo ni lazima aende kunywa, hata kama maji yako mbali. Kundi linatokea angani asubuhi likipiga kelele, linazunguka, linashuka ukingoni, linakunywa haraka haraka na kuondoka. Yote hayo ni dakika chache. Ukichelewa, umekosa.

Kuna jambo jingine litakalokufanya umheshimu. Akiwa na makinda, dume anaingia majini na kulowesha manyoya ya tumboni, ambayo yameumbwa kushika maji kama sifongo. Kisha anaruka hadi walipo makinda, nao wanakuja chini ya tumbo lake na kunyonya maji yale kwenye manyoya. Baba wa kubeba maji kwa nguo zake! Ukipata picha hiyo, umelipa nauli yako mara kumi.

Kwa hivyo hamu yako ni ya haki. Tatizo ni kwamba hamu ndiyo inayotufanya tuamue vibaya.

Uamuzi mmoja, bei tatu

Siku kama hii unaamua mara tatu: jioni kabla ya safari, alfajiri ukiwa mlangoni, na ukingoni mwa maji. Swali ni moja, lakini bei inapanda. Jioni, kusema "hapana" kunakugharimu simu moja kwa dereva. Alfajiri, kunakugharimu usingizi na labda pesa kidogo ya kumtuliza huyo dereva. Ukingoni, kunakugharimu mafuta, saa mbili za njia, na aibu mbele ya wenzako. Ndiyo maana wengi wakishafika ukingoni hawasemi tena. Wanavuka.

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika makala haya, kumbuka hiki: amua mapema, wakati kurudi bado ni rahisi.

Jioni: angalia mvua ya wenyewe

Watu wa mjini tuna tabia moja. Tunafungua simu, tunaandika "Lodwar", tunaona kijipicha cha jua, tunafunga simu. Lakini Turkana, mvua itakayokusumbua mara nyingi si ile itakayokunyeshea. Ni ile itakayonyeshea watu wengine.

Mto Turkwel unaopita Lodwar unaanzia Mlima Elgon, mbali kabisa, na njiani kuna bwawa kubwa la umeme la Turkwel. Mto Tarach, ambao kambi ya Kakuma imejengwa kandokando yake tangu 1992, unapata maji yake kutoka vilima vya upande wa mpaka wa Uganda. Laga ya Kawalase inaingia Lodwar ikitoka kwingine. Laga, kama hulijui neno hili, ni mto wa msimu. Siku nyingi za mwaka ni barabara ya mchanga. Mbuzi wanapita, watoto wanacheza mpira ndani, akina mama wanachimba visima vya mkono humo humo. Siku mvua ikinyesha vilimani, ndani ya muda mfupi huo uwanja wa mpira unakuwa mto wa matope unaobeba miti.

Kwa nini maji yawe na kasi hivyo katika nchi kavu? Kwa sababu ni kavu. Lodwar hupata mvua ya karibu milimita 200 tu kwa mwaka, ilhali Nairobi hupata kama mara tano ya hiyo. Ardhi imekuwa ngumu, mimea ni michache, na mvua ikija huja kwa mkupuo. Udongo haupati nafasi ya kuinywa. Maji yote yanakimbilia laga.

Kwa hivyo jioni, fanya kazi hii ndogo. Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, hasa ikiwa ni Machi hadi Mei au Oktoba na Novemba, miezi ambayo mvua huja. Soma wa Turkana, kisha soma wa Pokot Magharibi na maeneo ya mpaka wa Uganda. Ikiwa idara imetoa tahadhari ya mvua kubwa, usiitafutie sababu ya kuipuuza.

Kisha piga simu. Simu ya kwanza ni kwa dereva wa lori ama matatu aliyetoka Kakuma siku hiyo hiyo, si aliyepita wiki jana. Ya pili ni kwa mtu anayeishi pale mnapoelekea. Muulize mambo mawili: laga ziko vipi, na usalama uko vipi. Ya tatu ni kwa mtu anayebaki Lodwar. Mwambie njia mtakayopita na saa mtakayorudi, na mkubaliane atafanya nini saa hiyo ikipita bila nyinyi kuonekana. Ukishaacha barabara kuu, mtandao wa simu unaweza kukatika, na bando lako la wiki nzima halitakusaidia kitu.

Wafugaji wa Kiturkana wana maneno yao ya majira: akiporo ni wakati wa mvua, akamu ni wakati wa kiangazi. Usione aibu kumuuliza mzee, "Mzee, mvua inasemaje?" Amesoma mawingu hayo tangu kabla hujazaliwa, na maisha ya mifugo yake yalitegemea kusoma vizuri.

Mwisho, kabla hamjalala, andikeni mistari yenu kwenye kundi la WhatsApp. Mistari mifupi tu, kama hii:

Tukikuta maji yanatembea ndani ya laga, tunageuza.
Saa nne ikifika, ndege wawepo wasiwepo, tunaanza kurudi.
Maji ya kunywa yakifika nusu, tunaanza kurudi.
Mtu mmoja akisema hapana, ni hapana ya wote.

Inaonekana kama mchezo, najua. Lakini kesho mkiwa ukingoni na mabishano yameanza, hakuna atakayekuwa muoga. Mtakuwa tu mnafuata kile mlichokubaliana nyote mkiwa mmeshiba na akili imetulia.

Alfajiri: ngurumo ni ujumbe

Turudi mlangoni, saa kumi na nusu. Ngurumo upande wa magharibi. Hapa vijana wengi wanaona njia mbili tu: kwenda ama kufuta safari. Kuna ya tatu, nayo ndiyo wenyeji wanaitumia kila siku. Ni kungoja.

Laga hupanda haraka, na mara nyingi hushuka haraka pia. Maji yanayokuzuia asubuhi yanaweza kuwa yamebaki madimbwi kufikia jioni. Kungoja saa mbili ama tatu, kupiga simu tena mbele ukauliza "imekuja?", hakujaua safari ya mtu. Kumbuka pia barabara ya A1 kutoka Lodwar hadi Kakuma, kama kilomita 120, siku hizi ina lami. Hatari yako kubwa huanza pale mnapokunja kona kuingia porini kutafuta maji wanakoshuka ndege, ambako hakuna daraja wala gari la pili nyuma yenu.

Kuna njia ya nne pia: kubadilisha windo. Ukingo wa Turkwel pale Lodwar una migunga mikubwa na mikoma, na miti hiyo ina ndege wa kutosha kukupa kazi asubuhi nzima. Simama juu, mbali na maji, bila kuvuka laga yoyote. Hutapata firigogo wako, lakini utarudi na kitu, na kamera ya kukodisha haitakuwa imelala begini.

Tuwe wakweli kuhusu hizo pesa za kamera. Zimeshaenda. Ukienda, zimeenda. Ukibaki, zimeenda. Haziwezi kuwa sababu ya kuingia majini. Hilo ni rahisi kuandika na gumu kulisikia ukiwa umebakisha shilingi mia tatu kwenye M-Pesa, lakini ndivyo lilivyo.

Jua nalo ni hali mbaya ya hewa

Siku nyingi hutasikia ngurumo yoyote. Utaona anga safi, na utasema leo ni siku nzuri. Hapo ndipo adui wa pili anakukuta.

Joto la mchana Lodwar, kwa wastani, hufika karibu nyuzi 35, na kuna siku linapita hapo vizuri sana. Mwili wa binadamu uko kwenye nyuzi 37. Hewa inapokaribia joto la mwili wako, njia kubwa iliyobaki ya kujipoza ni jasho, na jasho linataka maji. Ukitembea juani na begi la kamera, unaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa. Chupa moja ya sokoni ni ya safari ya duka kwa duka, si ya porini. Beba maji ya siku nzima, halafu beba mengine ya siku ambayo gari litakwama.

Zijue dalili. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: hizo ni salamu za kwanza. Tafuta kivuli, kunywa maji kidogo kidogo, pumzika, na safari ya mbele imeisha. Mwenzako akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akipepesuka kama mlevi, au ngozi imekuwa moto sana, hiyo ni dharura ya hospitali. Mmwagie maji, mpepee, mpeleke mara moja. Usiseme "atapoa tu".

Bahati nzuri, firigogo na jua wamekupangia ratiba. Asubuhi ndege wanakunywa na joto bado liko chini. Kufikia saa nne kazi kubwa imekwisha. Anayebaki porini saa saba mchana hajui anachotafuta.

Ukingoni: maji hayasomi sura

Sasa tuseme mmekwenda, na mmefika kwenye laga, na ina maji. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kwa sauti ya chini kama lori lililo mbali. Upande wa pili unauona. Ni mita 30 tu. Dereva anawasha sigara, anasema, "Hii naijua."

Zishike namba hizi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani chini ya goti kabisa, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelea na gari dogo kama hiyo Probox yenu. Sentimita 60 zinaondoka na magari mengi, hata pikapu. Na maji ya matope hayakuonyeshi chini kuko vipi. Mchanga ambao jana ulikuwa imara, leo unaweza kuwa shimo.

Niliwahi kusimama hapo. Nilikuwa na miaka 22, nimepewa lifti ya lori, na laga ilikuwa imetukatia njia. Dereva wetu, mzee mmoja aliyeongea kidogo, alizima injini, akashuka, akalala chini ya lori kivulini. Mimi nilikuwa natembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Kulikuwa na mama mmoja wa Kiturkana na mbuzi wake, ameketi. Nikamwuliza, "Mama, haya maji yatashuka saa ngapi?"

Akaniangalia. "Yakishuka."

Kijana wa bodaboda akafika, wa rika langu. Akaangalia maji, akatuangalia sisi, nadhani akaona watu wengi mno wa kumtazama. Akasema anajua mahali pa kupita. Mzee akainua kichwa chini ya lori akamwambia, "Kijana wangu, kaa." Hakukaa. Alifika kama robo ya njia. Pikipiki ililala upande, maji yakaichukua, naye akashikilia mzizi ukingoni hadi wanaume wawili wa pale wakafunga shuka pamoja wakamvuta. Wale wanaume walikuwa na familia zao. Hawakuulizwa kama wanataka kuhatarisha maisha asubuhi hiyo.

Tulikaa naye, analowa, hasemi. Saa kumi jioni maji yalikuwa yameshuka hadi kwenye kifundo cha mguu, na lori likavuka polepole. Aliiona pikipiki yake mbali chini, imejaa mchanga hadi ndani ya injini. Njiani akaniambia ilikuwa ya mkopo, na alikuwa amelipa miezi mitano tu. Alikuwa amewahi saa sita za kungoja, akabaki na deni la mwaka na zaidi.

Yeye alipona. Wengine hawakupata nafasi hiyo. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kwenda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika, kule Mwingi, Kaunti ya Kitui. Zaidi ya watu 30 walikufa, huku watu wakiwa wamesimama ukingoni wakiona. Walikuwa wanakwenda kuimba. Harusi ina saa yake, watu wanakungoja, na mto uko katikati. Kila mmoja wetu amewahi kuwa na "harusi" yake, ile shughuli inayotufanya tuone maji ni madogo kuliko yalivyo.

Kwa hivyo ukingoni kanuni ni moja. Maji yakitembea, hamvuki. Msiingie kupima kwa miguu wala kungoja wa kwanza ajaribu. Rudini nyuma, juu, mbali na mchanga wa laga, mpate kivuli, mngoje. Na msiegeshe gari ndani ya laga kavu mkiwa mnapiga picha, hata anga iwe safi namna gani. Mvua si lazima iwe yenu.

Jinsi ya kusema hapana bila kupoteza marafiki

Hili ndilo gumu kuliko namba zote. Ukiwa wa kwanza kusema "mimi sivuki", utaitwa muoga, utaambiwa umezoea lami, utafanyiwa vichekesho wiki nzima. Naelewa.

Usibishane kuhusu mto. Kila mtu ni mtaalamu wa mto akiwa ukingoni. Sema kuhusu mstari: "Jana tuliandika tukikuta maji tunageuza. Haya ni maji." Kama hamkuandika, sema kuhusu wewe mwenyewe: "Nendeni, mimi nashuka hapa." Ukishuka kweli, begi mgongoni, mara nyingi utashangaa ni nani mwingine atashuka. Karibu kila gari lina mtu wa pili aliyekuwa anaomba wa kwanza aseme.

Na wewe dereva kijana unayesoma haya, abiria wakikuharakisha, gari ni lako na usukani ni wako. Zile gari zenye maandishi "Kawia ufike" zina maana yake. Abiria akiwa na haraka sana, mwache apige simu aeleze amechelewa.

Neno moja kuhusu Kakuma yenyewe. Mkifika, kumbuka kambi na makazi ya Kalobeyei ni nyumbani kwa watu, si mandhari ya picha. Kupiga picha kambini kunahitaji kibali cha serikali, na mtu yeyote, mkimbizi ama mwenyeji, anaombwa kwanza. Firigogo peke yake ndiye haombwi ruhusa.

Saa kumi na nusu, tena

Basi uko mlangoni. Ngurumo imesikika mara ya pili. Wenzako wanakuangalia kwa sababu wewe ndiwe mwenye kamera.

Unampigia yule jamaa wa kule mbele. Anachukua muda kushika. Anasema kwao hakujanyesha, lakini upande wa vilima usiku kucha kumekuwa na umeme wa radi, na laga bado haijaja. Neno la kusikiliza hapo ni "bado".

Mwezi ujao kutakuwa na Jumamosi nyingine. Kesho ni Jumapili, na kamera ni yako hadi Jumatatu. Firigogo hawana likizo. Watakunywa leo, watakunywa kesho, watakunywa keshokutwa, saa ile ile ya asubuhi.

Unatoka hadi kwenye Probox. Dereva ameshika ufunguo.

"Sasa?" anauliza.

"Zima gari kwanza, buda. Tukunywe chai, saa mbili tupige simu tena."

Anaangalia upande wa magharibi, anaangalia wewe. Anazima.